Kamera ndogo ya dijitali kwa msafiri na msafirishaji: mwongozo wa mnunuzi wa Kampala

KAMPALA – Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kutoka Kampala kwenda Goma, Juba au Kigali hubeba hati nyingi: ankara, orodha ya bidhaa, tamko la forodha, cheti cha uasili na hati ya makabidhiano. Kinachosahaulika mara nyingi ni picha. Mzigo ukifika umelowa, katoni zikipungua au sili ya kontena ikikutwa imekatwa, mwenye mali na kampuni ya bima huuliza swali moja: shehena ilikuwaje ilipokuwa inapakiwa?

Picha iliyo wazi, yenye tarehe na saa sahihi, hujibu swali hilo kwa haraka. Picha ya giza ambayo namba ya kontena haisomeki haimsaidii mtu, hata kama kamera iliyoipiga iliuzwa ghali. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa kamera ndogo ya dijitali, ile inayoingia mfukoni, unamhusu mwenye lori sawasawa na unavyomhusu mtalii.

Mwongozo huu unaeleza mambo ya kuangalia kwa mtu anayetaka kamera moja ya kufanya kazi zote: ghala, barabara, mpakani, safari na nyumbani.

Soko limebadilika

Kwa mujibu wa takwimu za CIPA, jumuiya ya watengenezaji wa kamera wa Japan, kamera za dijitali zilizopelekwa sokoni duniani zilifikia kilele mwaka 2010, takriban milioni 121. Zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zilikuwa kamera ndogo zenye lenzi isiyobadilishwa. Mwaka 2023 kamera za aina hiyo zilikuwa takriban milioni 1.7 tu. Simu ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Anguko hilo lina maana tatu kwa mnunuzi wa Kampala. Kwanza, watengenezaji wengi waliacha kamera za bei ya chini na kubaki na zile za gharama kubwa. Pili, kamera nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za mtumba au ni mabaki ya miaka ya nyuma, na betri na vipuri vyake vinazidi kuadimika. Tatu, vijana walipozirudia kamera ndogo katika miaka ya karibuni kwa ajili ya mitandao ya kijamii, bei za mtumba zilipanda. Anayekosea kuchagua leo anapoteza fedha nyingi zaidi kuliko aliyekosea mwaka 2008.

Je, simu haitoshi?

Kwa watu wengi inatosha. Simu ya kisasa hupiga picha nzuri mchana, huituma papo hapo na huweka mahali ilipopigwa. Anayetaka tu kupiga picha ya katoni tano ghalani hana haja ya kununua kifaa kingine.

Hata hivyo kamera inaishinda simu katika mambo manne ya kazi. Lenzi yake huvuta kitu cha mbali bila kuharibu picha. Flashi yake ina nguvu kuliko taa ndogo ya simu, jambo linaloonekana ndani ya kontena lenye giza. Betri yake haigombaniwi na mazungumzo, ramani na malipo ya mobile money. La nne ni la kiutawala: simu ni mali ya dereva, kamera inaweza kuwa mali ya kampuni. Dereva akiacha kazi, simu huondoka na picha zote za safari zilizopita. Kamera yenye namba yake katika daftari la vifaa hukabidhiwa pamoja na jeki na kizima moto, na kadi yake hubaki ofisini.

Kihisi kabla ya megapikseli

Muuzaji dukani huanza na megapikseli kwa sababu ni namba rahisi kutaja. Kwa kazi ya kawaida namba hiyo si kipimo kizuri. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye nukta 4,000 kwa 3,000. Ukurasa wa A4 uliojaza picha hiyo hupata zaidi ya nukta 300 kwa kila inchi, kiwango kinachotosha kusoma maandishi madogo ya ankara au kuchapisha kalenda ya kampuni katika viwanda vya uchapaji vya Nasser Road.

Kinacholeta tofauti ni ukubwa wa kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kamera nyingi za bei nafuu na zile za kuvuta mbali zina kihisi kinachoitwa cha inchi 1/2.3, ambacho eneo lake ni takriban milimita mraba 28. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 kina takriban milimita mraba 116, mara nne zaidi. Kihisi cha APS-C, kinachopatikana katika kamera chache ndogo za bei ya juu, hukaribia milimita mraba 370.

Eneo likiwa kubwa, mwanga unaopokelewa ni mwingi na chengachenga gizani ni chache. Mchana wa jua kali tofauti hiyo haionekani sana. Saa moja jioni katika yadi ya Malaba au Elegu, au ndani ya ghala lenye balbu moja, inaonekana mara moja.

Lenzi: upana kwanza, kuvuta baadaye

Namba mbili huandikwa kwenye maelezo ya lenzi. Ya kwanza ni umbali wa lenzi kwa milimita, uliolinganishwa na ule wa kamera za filamu za zamani. Namba ndogo ina maana ya picha pana, namba kubwa ina maana ya kuvuta karibu.

Msafirishaji anahitaji upana kuliko anavyodhani. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19. Ili lionekane lote kwa ubavu, lenzi ya milimita 24 inahitaji mpiga picha asimame takriban mita 8 kutoka kwenye kontena. Lenzi ya milimita 35 inahitaji takriban mita 12. Katika yadi ambamo malori yameegeshwa yakibanana, mita hizo 4 zinaweza kuwa ndizo tofauti ya picha moja kamili na vipande vitatu vinavyozua ubishi.

Kuvuta ni muhimu kwa safari: ndege wa ziwani, mlima ng'ambo ya bonde, namba ya lori lililo mwisho wa foleni. Kinachohesabiwa hapa ni kuvuta kwa lenzi yenyewe. Kuvuta kwa dijitali, ambako hutangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, hukata tu kipande cha picha na kukitanua. Kazi hiyo inaweza kufanywa baadaye kwenye kompyuta bila malipo.

Namba ya pili ni ya tundu la lenzi, inayoandikwa kwa herufi f. Hapa hesabu inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya lenzi ya f/3.3. Lenzi zinazovuta mbali sana kwa kawaida huwa na tundu dogo, hivyo mnunuzi hawezi kupata yote mawili katika kamera ya mfukoni. Ni lazima achague kati ya kuona mbali na kuona gizani.

Kuna pia umbali wa karibu kabisa. Namba iliyogongwa kwenye sili au kwenye chesisi inahitaji lenzi inayoweza kulenga kitu kilicho sentimita chache tu. Mnunuzi anaweza kujaribu dukani kwa kupiga picha ya sarafu na kuikuza kwenye kioo.

Vumbi, mvua na joto la kabini

Kamera nyingi ndogo zina lenzi inayotokeza nje zinapowashwa na kurudi ndani zinapozimwa. Kila inaporudi huweza kuingiza vumbi. Katika barabara za murram, vumbi hilo hukwamisha lenzi au kutua juu ya kihisi na kuacha madoa katika kila picha. Kusafisha kihisi cha kamera ya aina hii ni kuifungua yote, na gharama ya fundi inaweza kukaribia bei ya kamera ya mtumba.

Kamera zilizotengenezwa kwa mazingira magumu hukwepa tatizo hilo. OM System Tough TG-7, iliyotoka mwaka 2023, ina lenzi isiyotokeza nje, imezibwa dhidi ya vumbi, hustahimili maji hadi kina cha mita 15 na kuanguka kutoka mita 2.1. Ina pia kipokezi chake cha GPS, na hulenga kitu kilicho sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Udhaifu wake ni kihisi kidogo cha inchi 1/2.33, ingawa tundu lake la f/2.0 hupunguza kasoro hiyo.

Joto nalo lisidharauliwe. Kamera nyingi zimepangiwa kufanya kazi kati ya nyuzijoto 0 na 40 za Selsiasi. Kabini ya lori lililofungwa vioo juani hupita kiwango hicho, na kamera iliyoachwa juu ya dashibodi huharibika betri kwanza. Katika hali ya unyevu kama ya Kampala na kandokando ya Ziwa Victoria, kuvu huweza kuota ndani ya lenzi ya kamera inayokaa kabatini kwa miezi. Vifuko vidogo vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinasaidia vikiwekwa kwenye mfuko wa kamera.

Betri, chaji na kadi

Kamera ndogo hazidumu sana kwa chaji moja. Kwa kipimo cha CIPA, Canon PowerShot G7 X Mark III hupiga takriban picha 235, TG-7 takriban 330 na Panasonic Lumix TZ99 takriban 380. Betri ya pili ihesabiwe kama sehemu ya bei.

Mnunuzi aulize kama kamera inachajiwa kwa waya wa USB-C. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unataka kamera mpya za dijitali zinazochajiwa kwa waya ziwe na tundu hilo, na watengenezaji wamekuwa wakibadilisha miundo yao. Faida yake barabarani ni kwamba waya mmoja unahudumia simu na kamera. Baadhi ya kamera hukataa chaja ndogo za simu, hivyo chaja ijaribiwe kabla ya kulipa. Malori mengi yana umeme wa volti 24, tofauti na volti 12 za gari dogo, kwa hiyo kichomeko cha chaji cha kabini kiwe kimeandikwa 12–24V.

Anayepanda ndege Entebbe abebe betri za akiba katika mzigo wa mkononi. Kanuni za usafiri wa anga haziruhusu betri za akiba za lithiamu katika mizigo inayokwenda chini ya ndege.

Kwa upande wa kadi, GB 32 hubeba takriban picha 4,000 za megapikseli 20. Kwa video ya 4K ya kiwango cha juu, kadi hiyo hujaa ndani ya saa moja. Alama ya V30 ina maana kuwa kadi haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde inapoandika, kasi inayotosha kamera nyingi ndogo. Kadi bandia ni tatizo la kweli sokoni: huandikwa GB 128 nje, lakini ndani ni GB 8, na picha zinazozidi hapo hupotea bila onyo. Programu ya bure kama H2testw huijaza kadi na kuonyesha uwezo wake halisi. Kazi hiyo ifanywe kabla ya safari.

Saa ya kamera na thamani ya ushahidi

Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake taarifa za siku, saa, aina ya kamera na wakati mwingine mahali. Taarifa hizo huchukuliwa kutoka kwenye saa ya kamera, nayo hujua tu kile ilichoambiwa. Kamera iliyotolewa kwenye boksi na kuanza kutumika bila kurekebishwa inaweza kuonyesha mwaka usiohusika kabisa. Mtu wa Kampala akisema saa nne asubuhi, kamera inapaswa kuandika 10:00.

Mipaka inaongeza ugumu. Uganda, Kenya na Tanzania zipo saa 3 mbele ya saa ya kimataifa ya UTC. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo zipo saa 2 mbele. Sudan Kusini nayo ilihamia saa 2 mbele tarehe 1 Februari 2021. Kwa hiyo picha iliyopigwa Nimule kwa kamera yenye saa ya Kampala itaonyesha 10:00 wakati muhuri wa upande wa pili unaonyesha 09:00. Katika madai, tofauti ya saa moja isiyoelezwa inatosha kumpa wakili wa upande wa pili la kusema. Njia rahisi ni kuiacha kamera kwenye saa ya Kampala safari nzima na kuandika hivyo kwenye daftari la safari.

Sheria ya Uganda ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haukubadilishwa. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza jinsi rekodi hiyo ilivyopatikana. Kwa maneno mengine, faili halisi iliyo kwenye kadi ina thamani kuliko nakala iliyozunguka.

Hapo ndipo wasafirishaji wengi hupoteza haki yao. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na taarifa zake za ndani huondolewa. Ikitumwa kama hati, hubaki kamili. Kadi isifutwe hadi mzigo upokelewe na hati ya makabidhiano isainiwe.

Mpangilio wa picha unaofaa ni huu: namba ya lori na ya trela, namba ya kontena yenye herufi nne na tarakimu saba, milango ikiwa wazi na mzigo ukionekana, milango ikiwa imefungwa, namba ya sili kwa karibu, pande zote za kontena na paa likiwezekana, na hati zilizosainiwa. Mpangilio huohuo urudiwe mahali pa kushushia kabla sili haijakatwa.

Aina zinazofaa kwa kila kazi

Bei zinazotajwa hapa ni za Marekani wakati kila kamera ilipozinduliwa, bila kodi. Bei ya Kampala huongezeka kwa usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, na baadhi ya watengenezaji wamepandisha bei tangu wakati huo. Zinatolewa ili kulinganisha kamera moja na nyingine.

Kwa barabara na yadi, TG-7 (dola 550) ndiyo inayostahimili zaidi. Haitoi picha nzuri kuliko zote, lakini ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa bado inafanya kazi baada ya miaka miwili ndani ya kabini.

Kwa msafiri anayetaka kuvuta mbali, Panasonic Lumix TZ99 ya mwaka 2025 (dola 500), inayouzwa Marekani kwa jina la ZS99, ina lenzi ya milimita 24 hadi 720. Canon PowerShot SX740 HS ya mwaka 2018 (dola 400) hufika milimita 960. Zote zina kihisi kidogo na tundu linaloanzia f/3.3, hivyo ni za mchana.

Kwa mwanga hafifu, mikutano na picha za bidhaa, Canon G7 X Mark III ya mwaka 2019 (dola 750) ina kihisi cha inchi 1 na lenzi ya milimita 24 hadi 100 yenye tundu la f/1.8 hadi 2.8. Sony RX100 VII ya mwaka huohuo (dola 1,200) ina kihisi cha ukubwa huo na hufika milimita 200, kwa tundu dogo kidogo.

Kwa anayejali ubora wa picha kuliko kuvuta, zipo Ricoh GR III ya mwaka 2019 (dola 900) na Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 (dola 1,600), zote za kihisi cha APS-C na lenzi isiyovuta. GR III haina flashi. Hizi ni kamera za mpenda picha; kwa kazi ya lori ni gharama isiyorudi.

Mtalii anayekwenda kuona sokwe wa milimani Bwindi au Mgahinga akumbuke kuwa flashi hairuhusiwi huko na mwanga wa msituni ni mdogo. Kwake kihisi cha inchi 1 kina faida kuliko kuvuta mara 30.

Kununua Kampala, Dubai au mtumba

Kununua dukani Kampala kuna faida moja kubwa: mahali pa kurudi. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa isiyo na ubora unaokubalika. Ulinzi huo unahitaji risiti. Ankara ya EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Uganda, ina namba inayoweza kuhakikiwa, na kwa kampuni iliyosajiliwa kwa VAT ndiyo inayowezesha kudai kodi iliyolipwa. Namba ya kamera iandikwe kwenye risiti.

Kamera kutoka Dubai huonekana rahisi hadi inapoharibika. Waranti ya nchi moja mara nyingi haitambuliwi katika nyingine, hivyo muuzaji aandike ni nani atakayetengeneza na wapi. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japan mara nyingi huwa na menyu ya Kijapani pekee, na haibadilishwi. Iwashwe na menyu ya lugha ifunguliwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mfanyabiashara anayeagiza kamera za kuuza anapaswa kujua kuwa zipo katika kichwa cha ushuru 8525, ambacho vifungu vyake vilipangwa upya katika toleo la mwaka 2022 la mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. Orodha za zamani zenye 8525.80 zisitumiwe. Uganda hutoza VAT ya asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru. Cheti rahisi cha uasili kinachotumiwa na wafanyabiashara wadogo kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hakihusu kamera za Japan au China, kwa kuwa si bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msafiri mwenye kamera yake binafsi asiibebe kwenye boksi jipya, na awe na nakala ya risiti, ili isidhaniwe kuwa bidhaa ya kuuza.

Kwa mtumba, ukaguzi wa dakika kumi huokoa fedha:

- Lenzi itolewe na kurudishwa mara kadhaa. Sauti ya kukwaruza ni dalili ya mchanga.
- Ipigwe picha ya ukuta mweupe au anga na kukuzwa. Madoa yasiyohama ni vumbi kwenye kihisi.
- Lenzi imulikwe kwa tochi; nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu.
- Betri ilazwe mezani, ikiyumba imevimba.
- Flashi ijaribiwe gizani, na kila kitufe kibonyezwe.
- Namba iliyo chini ya kamera ilingane na ya boksi na ya risiti.

Mahali pasipopigwa picha

Kamera inayoonekana huvuta macho ya askari kuliko simu. Vituo vya jeshi, mabwawa ya umeme, viwanja vya ndege na maeneo ya forodha yasipigwe picha bila ruhusa ya ofisa anayehusika. Sheria ya Siri Rasmi ya Kenya inafanya kuwa kosa kupiga picha ya eneo lililokatazwa bila idhini ya mkuu wa eneo hilo. Kwa dereva, picha ya sili mpakani ipigwe baada ya kumwomba ofisa, na kamera ielekezwe kwenye mzigo wake tu.

Picha za watu nazo zina sheria. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sura ya mpakiaji au ya mteja inayotambulika ni taarifa binafsi, hivyo isitumiwe katika matangazo bila ridhaa yake.

Hesabu ya mwisho

Bei ya kamera haiishii kwenye lebo. Betri ya pili, kadi mbili zilizojaribiwa, mfuko na kichomeko cha chaji vinaweza kuongeza sehemu ya kumi au zaidi ya bei. Mwenye lori agawanye jumla hiyo kwa idadi ya safari za miaka miwili. Kwa lori linalokwenda Mombasa na kurudi mara mbili kwa mwezi, kamera ya dola 600 na vifaa vyake ni takriban dola 12 na nusu kwa kila safari. Kiasi hicho kilinganishwe na thamani ya katoni zinazobishaniwa safari moja tu inapoharibika.

Anayeona kuwa dola hizo ni nyingi kwa aina ya mizigo yake atumie simu, ila asiache mpangilio: saa sahihi, namba zinazosomeka, faili halisi lililohifadhiwa ofisini. Anayeona zinalipa achague kwa utaratibu huu: kwanza mazingira kamera itakamoishi, pili mwanga wa mahali pa kazi, tatu upana wa lenzi, nne betri na mahali pa matengenezo. Megapikseli ziwe za mwisho.